Msimu wa 1966–67: Celtic ya Glasgow, makombe matano, na vichwa vilivyoyaleta

SEHEMU YA 1

Akina mama, leo nesi wenu anaongea habari za mpira. Msikimbie. Najua kuna ambao mpira hawataki hata kuusikia, maana kila wikiendi rimoti inachukuliwa na baba watoto na chakula kinapoa mezani. Lakini historia hii ina hospitali ndani yake, ina chanjo, ina wake waliouguza waume zao miaka na miaka, na ina swali ambalo wengi wenu mnaniuliza inbox: mwanangu yuko akademi, anafundishwa kupiga mpira kwa kichwa, je ni salama? Nikijibu kwa mstari mmoja nitakuwa nimewadanganya. Kwa hiyo tuanzie mbali kidogo, Uskoti, msimu wa ligi wa 1966–67.

Mji ni Glasgow. Mji wa viwanda vya meli, moshi, mvua, na nyumba za kupanga za ghorofa ambamo familia nzima inaweza kukaa chumba kimoja au viwili. Timu kubwa ni mbili, Celtic na Rangers, watani wa jadi ambao utani wao una ukali kweli, maana umechanganyika na mambo ya dini na asili ya watu. Celtic ilianzishwa mwishoni mwa mwaka 1887 na mtawa wa Kikatoliki kutoka Ireland, Brother Walfrid, na lengo la mwanzo halikuwa makombe. Lengo lilikuwa kukusanya hela za kuwalisha watoto maskini wa mashariki ya mji. Yaani timu ilizaliwa kwa ajili ya sahani ya chakula ya mtoto. Hilo nalipenda sana.

Sasa twende 1965. Celtic ilikuwa imekaa miaka zaidi ya 7 bila kombe kubwa. Akaletwa kocha mpya, Jock Stein, mtu aliyewahi kufanya kazi chini ya ardhi kwenye machimbo ya makaa ya mawe. Wiki chache tu baada ya yeye kufika, Aprili 1965, wakacheza fainali ya Kombe la Uskoti na Dunfermline. Matokeo 2–2, muda unayoyoma, ikapigwa kona. Nahodha, beki wa kati mrefu anaitwa Billy McNeill, akaruka juu ya watu wote akaupiga kwa kichwa. 3–2. Ukame ukaisha.

Mshikeni huyo McNeill. Na mkishike hicho kichwa.

SEHEMU YA 2

Kabla sijaingia kwenye mechi zenyewe, nina mtu mmoja wa kuwaonesha, na hapa ndo unesi wangu unaponivuta.

Straika wa Celtic msimu ule alikuwa Stevie Chalmers. Mwaka 1955, akiwa kijana wa kama miaka 20, alilazwa hospitali ya Belvidere, hospitali ya magonjwa ya kuambukiza iliyokuwa mashariki ya Glasgow, si mbali na uwanja wa Celtic. Alikuwa na homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na vijidudu vya kifua kikuu. Wenye uzoefu wa wodi ya watoto mnajua ninachokisema. Huu sio ule ugonjwa wa kikohozi mnaoujua. Hapa TB imepanda mpaka kwenye ngozi laini inayofunika ubongo. Kabla dawa za TB hazijagunduliwa miaka ya 1940, ukipata huo karibu hakuna aliyepona. Na hata miaka ile ya 1950 dawa zikiwa bado mpya, Chalmers alionekana ni mtu wa wiki chache.

Daktari aliyemhudumia, Peter McKenzie, hakukata tamaa. Kijana alikaa hospitalini kama miezi sita. Akatoka mzima, mmoja wa wagonjwa wa mwanzo kabisa kupona ugonjwa ule pale. Mwaka 1959 akasajiliwa Celtic.

Fikirieni hilo kidogo. Mtu ambaye ndugu zake waliambiwa wajiandae, miaka 12 baadaye ndiye anafunga bao la ubingwa wa Ulaya. Tutafika huko.

Na nikiwa hapo hapo, ile sindano ya BCG anayochomwa mtoto wako anapozaliwa, ile inayoacha kakovu kadogo, kazi yake kubwa ni hiyo. Haizuii kila aina ya TB ukubwani. Inamkinga mtoto mdogo na TB kali, hasa hii ya kwenye ubongo. Kuna mama anaahirisha, "nitampeleka akikua kua, bado mdogo mno kuchomwa." Mama, udogo wake ndo sababu ya kumchoma. Angalia kadi yake ya kliniki leo. Na kama alichomwa lakini kovu halikutokea, usilie, haina maana chanjo haikufanya kazi.

Haya, turudi uwanjani.

SEHEMU YA 3

Kikosi kile cha Celtic kina jambo moja ambalo kwa mpira wa leo ni kama hadithi. Wachezaji wote 11 walioanza fainali ya Ulaya walizaliwa ndani ya maili 30 kutoka uwanjani kwao. Maili 30 ni kama kilomita 48. Yaani ni kama uchukue vijana wa kuanzia Kariakoo mpaka Kibaha na kusogea mbele kidogo, uwafanye timu, halafu waende kuwa mabingwa wa bara zima. Hakuna aliyezaliwa nje ya nchi. Vijana wa mitaa.

Msimu ulianza na wakawa hawashikiki. Oktoba 1966 wakachukua Kombe la Ligi kwa kuwafunga Rangers 1–0, bao la Bobby Lennox. Novemba wakabeba Kombe la Glasgow, wakiipiga Partick Thistle 4–0. Ligi ilikuwa na timu 18, mechi 34, na wao wakafunga mabao 111. Zidisheni wenyewe, ni zaidi ya mabao matatu kila mechi.

Mshambuliaji wao Joe McBride alikuwa ameshafunga mabao 35 kabla ya mwaka mpya, halafu mkesha wa Krismasi goti likamwishia kwenye mechi na Aberdeen. Msimu wake ukaishia pale. Bahati nzuri mwezi huo huo Stein alikuwa ameshamsajili Willie Wallace kutoka Hearts, na huyo Wallace ndiye aliyefunga mabao yote mawili Aprili 1967 walipoifunga Aberdeen 2–0 na kuchukua Kombe la Uskoti.

Msidhani nchi nzima ilikuwa imelala ikiitazama Celtic. Ule ulikuwa mwaka wa ajabu kwa Waskoti. Dundee United waliwatoa Barcelona, wakiwafunga nyumbani na ugenini. Hao hao Dundee United ndio timu pekee iliyoifunga Celtic kwenye ligi, tena mara mbili, 3–2 na 3–2. Januari 1967 timu ndogo ya Berwick Rangers ikawatoa Rangers wakubwa kwenye Kombe la Uskoti kwa 1–0, na mpaka leo ukitaka kumuudhi shabiki mzee wa Rangers mtajie Berwick. Aprili timu ya taifa ikaenda Wembley ikawafunga Waingereza 3–2, mabingwa wa dunia wale, wakiwa hawajamaliza hata mwaka na kombe lao. Na Rangers, pamoja na aibu ya Berwick, walifika fainali ya Kombe la Washindi barani Ulaya, wakafungwa na Bayern Munich bao moja katika muda wa nyongeza. Kilmarnock nao walifika nusu fainali ya Kombe la Maonesho. Nchi ya watu wachache tu! Sijui walikuwa wanakula nini.

Lakini usiku ninaotaka mkae nao ni wa tarehe 8 Machi 1967.

Celtic walikuwa robo fainali ya Kombe la Mabingwa wa Ulaya. Walishawatoa Zürich wa Uswisi na Nantes wa Ufaransa. Sasa wamekutana na Vojvodina wa Yugoslavia, timu ngumu kuliko zote walizokutana nazo, na mechi ya kwanza ugenini walifungwa 1–0. Marudiano Glasgow, uwanja umejaa, baridi ya Machi ya kule. Kipindi cha pili Chalmers akasawazisha jumla ya mabao. Ikawa 1–1. Ikiisha hivyo, kuna mechi ya tatu Rotterdam, Uholanzi.

Dakika za mwisho kabisa, kona upande wa kulia. Charlie Gallagher akaupiga mpira ndani. Mpira wa ngozi, uwanja wa baridi. McNeill akaruka. Kichwa. Bao. Hakukuwa na muda hata wa kuanza upya vizuri.

Sitii chumvi nikisema bila kichwa kile pengine hadithi hii isingeandikwa. Celtic wangeenda Rotterdam na lolote lingeweza kutokea.

SEHEMU YA 4

Nusu fainali wakawatoa Dukla Prague, 3–1 nyumbani na sare ya bila kufungana ugenini. Tarehe 6 Mei wakachukua ubingwa wa ligi kwenye uwanja wa mtani wao, Rangers, sare ya 2–2, mabao yote mawili ya winga mdogo wa kimo, Jimmy Johnstone. Kumbukeni siku hizo ushindi ulikuwa pointi 2. Celtic walimaliza na pointi 58, Rangers 55.

Halafu Lisbon, Ureno, tarehe 25 Mei 1967. Wapinzani ni Inter Milan wa Italia, mabingwa wa Ulaya wa 1964 na 1965, timu inayojua kufunga bao moja kisha kufunga na mlango.

Kuna kituko kinasimuliwa na wachezaji wenyewe. Wengi wao, vijana tu wa miaka ishirini na kitu, walikuwa na meno ya bandia. Glasgow ya wakati ule meno ya watu yalikuwa na hali mbaya sana. Basi kabla ya mechi waliyavua, wakayaweka kwenye kofia ya golikipa Ronnie Simpson, kofia ikakaa ndani ya goli, ili mechi ikiisha wayavae haraka kwa ajili ya picha. Na cha kuchekesha zaidi, beki wa kulia Jim Craig alikuwa amesomea udaktari wa meno chuo kikuu!

Dakika ya 7 huyo huyo Craig akasababisha penati. Mazzola akafunga. Inter wakafunga mlango. Celtic wakashambulia, wakashambulia, mpira unagonga mwamba, golikipa wa Italia anaruka kama paka. Kipindi cha pili, dakika ya 63, beki wa kushoto Tommy Gemmell akapiga shuti la mbali likaingia. 1–1. Na zikiwa zimebaki dakika kama tano, Bobby Murdoch akapiga mpira kuelekea goli, na Stevie Chalmers, yule wa Belvidere, akaugusa tu kwa mguu ukabadili njia. 2–1.

Celtic ikawa timu ya kwanza kutoka Uingereza yote kuchukua ubingwa wa Ulaya. Makombe matano msimu mmoja. McNeill alipanda jukwaani peke yake kulipokea lile kombe kubwa, maana mashabiki walikuwa wameshavamia uwanja na wenzake hawakuweza kupita. Picha yake amelinyanyua juu ndiyo picha maarufu kuliko zote za timu ile. Leo ni sanamu nje ya uwanja wao, imewekwa pale mwaka 2015.

SEHEMU YA 5

Hapa ndipo nilipotaka kufika.

Wakati sanamu ile inafunuliwa, McNeill alikuwa mgonjwa tayari, watu wengi wa nje hawajui. Mwaka 2017 familia yake ikatangaza kwamba ana dimensia, ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu na akili kidogo kidogo. Aliambiwa na madaktari tangu 2010. Yule nahodha aliyekuwa akipiga kelele kuwapanga mabeki wake, maneno yalikuwa yanamwishia mdomoni. Mke wake ndiye alikuwa anamuuguza.

McNeill akafariki tarehe 22 Aprili 2019, miaka 79. Wiki moja baadaye, tarehe 29 Aprili, akafariki Stevie Chalmers, miaka 83. Naye alikuwa na dimensia. Aliyefunga kwa kichwa Machi na aliyefunga kwa mguu Mei, wiki moja, ugonjwa mmoja. Mwaka 2021 akaondoka kiungo wao Bertie Auld, naye familia ilikuwa imeshasema ana dimensia. Na Jimmy Johnstone alikuwa ameshatangulia tangu 2006, miaka 61, kwa ugonjwa mwingine wa mishipa ya fahamu, ule unaoua misuli ya mwili mzima mmoja mmoja huku akili ikibaki timamu kwa wagonjwa wengi.

Sasa tulieni. Mimi ni nesi, siwezi kuwaambia fulani aliumwa kwa sababu ya kupiga vichwa. Hakuna anayeweza kusema hivyo kwa mgonjwa mmoja. Chalmers ubongo wake ulishapigana na TB ujanani, na alifika miaka 83, umri ambao dimensia huja hata kwa bibi ambaye hajawahi kugusa mpira maisha yake yote. Watu wanapenda kuchukua mgonjwa mmoja wakafanya ushahidi. Ndivyo hivyo hivyo uvumi wa chanjo unavyoanza.

Ushahidi unatafutwa kwa kuhesabu watu wengi. Na aliyehesabu ni daktari wa Glasgow hiyo hiyo, Willie Stewart, bingwa wa kuchunguza magonjwa ya ubongo. Hospitali anayofanyia kazi iko Govan, upande ule ule wa mji ulipo uwanja wa Rangers. Yeye na wenzake walichukua majina ya wanaume 7,676 waliocheza mpira wa kulipwa Uskoti, waliozaliwa kati ya 1900 na 1976. Wakawalinganisha na watu wa kawaida zaidi ya 23,000 wa umri na hali ya maisha inayofanana. Wakaangalia vyeti vya vifo, waliofariki walifariki kwa nini. Kazi kama hii inawezekana kwenye nchi iliyotunza kumbukumbu zake za afya kwa miaka mingi, ndo maana sisi manesi tunawasumbua na makadi na madaftari.

Matokeo yalitoka Oktoba 2019, miezi sita baada ya misiba ile miwili. Wachezaji walikuwa na uwezekano wa kufa kwa magonjwa ya ubongo kuchakaa mara tatu na nusu zaidi ya watu wengine. Nikiwapigia kwa namba za kawaida: kwenye kila watu 1,000 wa kawaida, kama 5 walifariki kwa magonjwa hayo. Kwenye wachezaji 1,000, kama 17. Kwa Alzheimer peke yake, mara tano.

Msomeni na upande wa pili, maana ni wa kweli pia. Wachezaji hao hao walikufa kidogo zaidi kwa magonjwa ya moyo na kwa saratani ya mapafu. Kwa jumla mpaka umri wa miaka 70 walikuwa wanaishi kuliko wenzao. Mpira uliwapa moyo imara na mapafu mazuri. Kilichoumia ni kichwa.

Halafu 2021 wakaja na swali la kina zaidi: nafasi uwanjani ina tofauti? Ina tofauti. Magolikipa, ambao mpira wanaudaka, hatari yao ilikuwa karibu sawa na mtu wa kawaida. Mabeki, ambao kazi yao kila siku ni kuuondoa mpira wa juu kwa kichwa, ndio waliokuwa juu kabisa, kama mara tano. Na waliocheza miaka mingi walikuwa na hatari kubwa kuliko waliocheza michache.

Golikipa na beki. Timu moja, mvua moja, mazoezi mamoja, mshahara unaokaribiana.

SEHEMU YA 6 (ya mwisho)

Kuna baba mmoja atakuja kwenye maoni kusema, "Hayo ni ya zamani nesi, mipira ya ngozi ilikuwa inanyonya maji inakuwa kama jiwe, siku hizi mpira mwepesi." Namjibu kabisa kabla hajaandika. Ni kweli ngozi ilikuwa inanyonya maji. Lakini mpira mkavu wa mwaka 1967 na mpira wa leo, uzito wake ni ule ule, kati ya gramu 400 na 450 hivi. Wa leo haulowi, ila unakwenda kasi zaidi. Na ule utafiti wa 2021 uliangalia waliozaliwa miongo tofauti tofauti, haukuona hatari ikishuka kwa waliocheza na mipira ya karibuni. Kwa hiyo tusijifariji na mpira wa plastiki.

Uskoti walifanya nini? Februari 2020 chama chao cha mpira kilitoa mwongozo kwamba watoto wa umri wa shule ya msingi wasifundishwe kupiga vichwa mazoezini. Sio mpira umefutwa, hapana. Ni zile zoezi za kocha kusimama na kurusha mpira, mtoto anapiga, anarudi kwenye mstari, anapiga tena, mara 20, mara 30. Wakubwa kidogo wanaruhusiwa kidogo kidogo. Marekani walishaanza kuzuia kwa watoto wa miaka 10 kushuka tangu 2015. Na Novemba 2022 Uskoti wakawaambia hata timu za wakubwa, za kulipwa: siku moja kabla ya mechi na siku moja baada ya mechi, hakuna mazoezi ya vichwa.

Kabla sijajibu la akademi, niwatajie mwanamke mmoja, maana historia za mpira huwa zinawasahau. Amanda Kopel. Mume wake Frank alikuwa beki wa Dundee United miaka ya 1970, ile timu iliyowahi kuisumbua Celtic. Frank alipewa jibu la dimensia akiwa na miaka 59. Uskoti serikali ilikuwa inalipia huduma za nyumbani za mgonjwa, kuogeshwa, kuvalishwa, kulishwa, lakini kwa wenye miaka 65 na kuendelea. Frank alikuwa hajafika. Amanda akabeba mwenyewe, na gharama juu yake. Frank alifikisha 65 Machi 2014, akafariki Aprili, siku 19 baadaye. Amanda akaendelea kudai bila kuchoka, mume ameshazikwa, mpaka sheria ikabadilishwa ili mgonjwa wa umri wowote ahudumiwe. Ilianza kazi tarehe 1 Aprili 2019, mwezi ule ule waliokufa McNeill na Chalmers. Watu wanaiita Sheria ya Frank.

Haya. "Nesi, nimtoe mtoto akademi?"

Mimi simtoi. Mpira ni mzuri kwa moyo wake, kwa uzito wake, kwa usingizi wake, na bora akimbie kuliko kukaa na simu. Kama ana chini ya miaka 12, nenda kaongee na kocha kwa heshima, mwombe zoezi la vichwa vya kurudia rudia asimpe. Shingo ya mtoto ni nyembamba na kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili, haiwezi kuushika mshtuko kama ya mtu mzima. Makocha wengi wanaelewa wakielezwa vizuri, na kuna vya kumfundisha kumi badala ya hicho: kutuliza mpira, kupiga pasi, mguu wa kushoto. Kama mpira wanaotumia ni wa saizi ya wakubwa, uliza kama kuna namba 3 au namba 4. Chandimu cha mtaani na mpira wa matambara hakinipi wasiwasi huo, pale shida yangu ni magari tu.

Ninachowaomba msikichezee ni mtoto aliyegongwa kichwa, iwe na mpira, na mwenzake, na nguzo ya goli. Siku hiyo asirudi uwanjani, hata akilia kwamba yuko sawa, hata kama ni fainali. Akitapika zaidi ya mara moja, akiwa analala kwa namna isiyo kawaida yake au hashtuki ukimwamsha, akidegedege, akiongea vitu visivyoeleweka, kichwa kikizidi kuuma badala ya kupungua, mboni ya jicho moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, au kukitoka damu au maji meupe puani au sikioni, ni hospitali wakati huo huo. Usiku ni usiku, bodaboda au jirani mwenye gari, msisubiri kupambazuke.

Na lile mnaloambiwa kwamba aliyegongwa kichwa asilale kabisa: kama hana dalili hata moja ya hizo na umefika muda wake wa kulala, mwache alale. Wewe ndo ujiwekee alamu, umwamshe mara moja moja usiku, akujibu jina lake, umuone anakutambua, kisha alale tena. Maswali wekeni hapa chini, zamu yangu inaisha saa mbili usiku, nitaanza kujibu nikifika nyumbani.